Ditekta Husema Kuna Kitu, Haisemi Ni Kitu Gani: Ushauri kwa Anayetaka Kuchimba Uani Juba

Kile kijiti ambacho mlinzi wa lango la hoteli hukipitisha mabegani na viunoni mwa wageni hakifai kutafutia bomba lililofukiwa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu fundi wa mtaa wa Hai Cinema akiambiwa achimbe shimo la choo nyuma ya vyumba vya kupanga, ni rahisi kukimbilia hicho: kipo jirani, kinalia kikikuta metali, na mlinzi ni mtu wa kuombwa. Lakini kimetengenezwa kuona bastola iliyofichwa ndani ya koti, sentimita chache tu kutoka kwenye kifaa. Ukikiinamisha ardhini utazunguka uani nusu siku bila mlio, kisha utachimba ukiamini pako salama. Imani hiyo ndiyo hatari.

Kinachohitajika ni ditekta ya ardhini, yaani fimbo ndefu yenye koili ya mviringo mwishoni na kisanduku chenye skrini karibu na mkono. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika mara maelfu kwa sekunde. Uga huo ukiifikia metali, huzusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hutoa uga wake unaorudi juu kwenye koili. Mashine inasikia kile kinachorudi, basi. Haioni umbo wala rangi, na haijui jina. Bomba la plastiki, mbao, saruji na mfupa haivisikii kabisa. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini sehemu kubwa ya kazi ya kutambua kilichofukiwa hufanywa na wewe: kwa kuuliza, kwa kuchora, na kwa kujua wakati wa kuliacha koleo chini.

Uliza kabla ya kuwasha

Chuma kilicho chini ya Juba kimeingia kwa njia mbili, ujenzi na vita. Karibu muda wote wa vita vya 1983 hadi 2005 mji huu ulikuwa ngome ya jeshi la Khartoum, na mabomu ya ardhini yalitegwa kuuzunguka. Waasi wa SPLA waliushambulia mwaka 1992 bila kufanikiwa kuuteka. Februari 2005 ghala la silaha lililipuka mjini. Desemba 2013 na Julai 2016 mapigano yakarudi mitaani. Tangu kazi ya usafishaji ianze mwaka 2004, zaidi ya vitu milioni moja vya milipuko na risasi vimeteketezwa nchini, na kazi haijaisha: Sudan Kusini iliingia kwenye Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini mwaka 2011, ikapewa hadi Julai 2021 kuyamaliza, kisha muda ukasogezwa hadi Julai 2026.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina mashine. Tafuta watu waliokaa mtaani muda mrefu uwaulize kiwanja kilikuwa nini kabla ya nyumba iliyopo. Palikuwa na kambi? Handaki? Gereji? Jalala? Kisima kilichofukiwa? Kiswahili chako cha Kakuma au cha Kampala kitakufikisha kwa mafundi na madereva, ila kwa wazee nenda na mwenyeji anayesema Kiarabu cha Juba, usalimie, ukae, ndipo uulize. Swali moja husahaulika mara nyingi: udongo uliojazwa hapa ulitoka wapi? Murram huletwa kwa lori, na lori huchota nje ya mji. Uani unaweza kuwa haujawahi kuona vita, lakini udongo wake ukawa umeviona. Sehemu zilizo kando ya khor, yaani mabonde ya maji ya msimu, zina shida nyingine, maana mafuriko ya masika huzoa vitu kutoka juu na kuviacha bondeni.

Baada ya wazee, nenda kwa wenye kumbukumbu. Mamlaka ya taifa inayosimamia uondoaji wa mabomu, NMAA, na kitengo cha Umoja wa Mataifa, UNMAS, wana rekodi za maeneo yaliyokaguliwa na yanayoshukiwa. Kampuni kubwa za ujenzi huuliza kabla ya kuleta greda. Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilibidi itanguliwe na watu wa mabomu kabla ya watu wa lami. Mwenye nyumba ya vyumba sita naye ana haki ya kuuliza.

Mwisho, mjulishe chifu wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Mtu mgeni anayetembea na hedifoni masikioni huku akipapasa ardhi kwa mashine hujaza watu maswali, na Juba si mji wa kuwaacha askari wajijibu wenyewe.

Ondoa chuma chako kwanza

Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliletwa Washington kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield. Kifaa chake kilifanya kazi vizuri kwenye majaribio, lakini chumbani mwa mgonjwa kikashindwa. Sababu mbili hutajwa. Kwanza, godoro la kitanda lilikuwa na nyaya za chuma. Pili, daktari mkuu alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, hivyo Bell akaruhusiwa kupima upande huo tu. Risasi ilikuwa kushoto.

Makosa yote mawili yapo kwenye nyua zetu. La kwanza ni chuma kinachotuzunguka. Hai Cinema, kama mitaa mingine ya Juba, ina makontena yaliyogeuzwa maduka na vyumba, uzio wa mabati, na mageti ya chuma. Koili husikia pande zote, si chini peke yake. Kaa mita mbili au tatu mbali na kontena, na ile sehemu iliyo ubavuni mwake ihesabu kuwa haijapimwa. Omba jenereta izimwe kwa saa moja, kwani nyaya zenye umeme huifanya mashine kuropoka bila sababu. Ikishindikana, punguza usikivu wake mpaka itulie. Wewe mwenyewe weka kando simu, funguo, saa na mkanda wenye kifungo, na usivae buti zenye chuma kwenye vidole. Koleo na sururu zikae mbali.

Kisha sawazisha mashine na ardhi. Murram ina madini ya chuma ndani yake, na mashine isiyosawazishwa itapiga kelele popote utakapoielekeza. Tafuta sehemu isiyo na mlio, bonyeza kitufe cha kusawazisha ardhi, inua na ushushe koili mara kadhaa mpaka sauti isibadilike. Ukihama kutoka murram nyekundu kwenda udongo mweusi wa karibu na mto, rudia. Kokoto fulani za murram zitaendelea kulia hata baada ya hapo. Kokoto ikiwa iko juu ya ardhi na unaiona kuwa ni jiwe, ipitishe mbele ya koili uisikie. Ukishaijua sauti yake hutaifuata tena.

Kabla ya kwenda uani, jifunze kwenye mchanga. Usichimbe shimo la mazoezi. Agiza toroli chache za mchanga wa ujenzi, utandaze juu ya sakafu isiyo na nondo au juu ya turubai, kina cha sentimita 30 hivi, uupime kwanza kuhakikisha ni mtupu. Ndani yake fukia msumari wa inchi nne, kizibo cha soda, kipande cha nondo, sarafu, kipande cha bomba la chuma na pete. Pitia kimoja kimoja, ukilaze na kukisimamisha, ukishushe chini zaidi. Msumari uliolala hulia mara mbili, mlio kwa kila ncha, lakini ukisimama hulia mara moja kama sarafu. Saa mbili za zoezi hilo zinashinda kitabu cha maelekezo, kwa sababu unajifunza sauti ukiwa unajua jibu.

Pitisha, weka alama, usichimbe bado

Gawanya uani kwa kamba katika njia zenye upana wa mita moja. Koili iwe sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, sambamba nayo, na kila mpito uingie nusu ya uliotangulia. Kosa la wanaoanza ni kuinua koili mwishoni mwa kila mpito, kama anayefyeka nyasi kwa fyekeo. Pale inapoinuka, kina chote kinapotea. Ukimaliza njia zote, geuka upitie tena kwa kukata msalaba.

Kila mlio uwekee kijiti chenye utepe, na usiguse kitu. Hamu ya kufukua mlio wa kwanza ndiyo inayoharibu kazi, kwa sababu mlio mmoja hauna maana nyingi, lakini mkusanyiko wa vijiti unasema mengi kuliko skrini. Panda kwenye ngazi au baraza uangalie. Vijiti vilivyopanga mstari kutoka kwenye tangi kuelekea jikoni ni bomba la chuma, na vilivyo kati ya chumba cha jenereta na vyumba vya wageni ni kebo, tena huenda ina umeme. Milio iliyopangika kwa miraba yenye nafasi sawa ni nondo za sakafu ya zamani. Iliyotawanyika ovyo karibu na jiko ni taka: vizibo, makopo, misumari, waya wa kufungia nondo. Unaobaki ni ule mlio uliokaa peke yake, usio na mstari wala sababu. Huo ndio wa kuufikiria.

Mlio unaotaka kuuelewa zaidi, upitie kwa kukata X mpaka upate kitovu chake. Halafu inua koili taratibu. Kitu kidogo kilicho karibu kitanyamaza ukifika sentimita 10 au 15. Kikiendelea kulia hadi koili iko magotini, ni kikubwa. Kisogelee kutoka pande nne uweke alama pale sauti inapoanzia. Alama hizo zitakupa upana wake kwa makadirio. Usitegemee kipimo cha kina kilichoandikwa kwenye skrini, kwani mashine nyingi hukadiria kwa kudhani kila kitu kina ukubwa wa sarafu. Pipa lililofukiwa mita moja litaandikwa kwamba liko karibu tu.

Namba za skrini zisikutie kiburi

Mashine nyingi za kawaida hutoa namba, kwa mfano kutoka 0 hadi 99. Chuma hukaa chini, shaba na fedha juu, na katikati hubanana karatasi za alumini, vishikio vya makopo, risasi na pete za dhahabu. Ni msaada, lakini wa kukisia. Kipande kikubwa cha bati lililoota kutu huweza kuandikwa juu kama shaba. Kizibo cha soda, ambacho ni chuma, hupanda hadi katikati. Maganda ya risasi za AK mengi ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba nyembamba, hivyo huangukia kwenye namba za misumari. Mengine ni ya shaba nyeupe na huenda juu kabisa.

Hapa ushauri wangu unapingana na wanaotafuta sarafu Ulaya. Wao huiamuru mashine inyamazie chuma ili wasisumbuliwe na misumari. Juba usifanye hivyo. Mwili wa kombora la mota ni chuma. Guruneti nyingi ni chuma. Ukiiambia mashine isikueleze habari za chuma, umeiambia ikufiche jambo ambalo ungepaswa kulijua kuliko yote. Sikiliza kila kitu, kisha uchuje kwa kichwa chako na kwa vijiti ulivyopanga.

Pale usipochimba

Mashine ya kisasa ya kutafutia mabomu ina asili yake kwa Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyeisanifu akiwa Scotland mwaka 1941. Mwaka uliofuata ilitumika El Alamein, Misri. Watengenezaji wa mabomu walijibu kwa kupunguza metali. Yako mabomu ya ardhini yenye mwili wa plastiki au mbao, na chuma chake chote ni pini ndogo. Mashine za wataalamu hupimwa kila asubuhi kwa kipande kinachofanana na pini hiyo kabla ya kuingia kazini, na hata hivyo mtaalamu huchukulia kila mlio kuwa bomu mpaka athibitishe, ingawa mingi mno huwa chuma chakavu. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kimekuwa nyumbani kwa shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa baruti yenyewe na kupuuza chuma. Panya hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye ditekta anaweza kuchukua hadi siku nne. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Nayasema haya ili ijulikane wazi kwamba ditekta ya dukani haisafishi ardhi. Ukimya wake si hati ya usalama. Inakusaidia kukwepa bomba na kebo, na inakusaidia kuamua kutochimba. Acha mara moja ukikuta lolote kati ya haya: mlio mkubwa usio kwenye mstari ambao hakuna mtu anayeweza kuueleza, risasi nzima, hata moja, ganda la risasi mahali ambapo wazee walikuambia hapakuwa na kitu, kitu chenye mapezi, pete, kamba au waya, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu au kibao cha fuvu.

Ukiacha, acha kweli. Usikiguse, usikisogeze, usikimwagie maji, usikichome moto. Rudi kwa nyayo zako. Weka alama inayoonekana ukiwa mbali nacho, mweke mtu mzima azuie watoto, kisha ukishafika mbali piga simu polisi, NMAA au UNMAS. Na kama kijana wa vyuma chakavu amefika kabla yao na anataka kukinunua kwa kilo, mfukuze kwa upole lakini mfukuze. Mwenye nyumba akilalamika kwamba kazi imesimama, mjibu kwa heshima: “Mzee, shimo tutachimba upande mwingine. Hapa tuwasubiri wenyewe.”

Mlio ulioeleweka, wa bomba au kebo, nao una adabu yake. Zima umeme kwenye jenereta na kwenye mita. Anzia kando ya kijiti, si juu yake, shuka kwa kijiko cha mkono au koleo dogo, pima tena kila baada ya kina cha kiganja. Sururu haina kazi hapo.

Neno kwa wanaoelekea Kapoeta

Baadhi ya wasomaji wamenunua mashine kwa ajili ya dhahabu, wakiwa wamesikia habari za Kapoeta, za Karamoja au za Chunya. Mashine za dhahabu nyingi hutumia mapigo mafupi ya umeme badala ya uga unaoendelea, na kwa hiyo huvumilia ardhi yenye madini kuliko zile za sarafu. Bei yake hutokana na hilo. Lakini kwenye kutofautisha metali ni dhaifu, hivyo kila msumari utakuita kama dhahabu. Hapa ndipo anarudi yule daktari wa Garfield, aliyetafuta mahali alipopenda risasi iwe. Akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye hamu ya dhahabu husikia dhahabu kwenye kila kizibo. Jiwekee kanuni ya kuandika unachodhani kabla ya kufukua, kisha linganisha. Siku chache za kuandika hivyo zitakuonyesha masikio yako yana thamani gani.

Kumbuka pia kwamba jimbo la Ikweta ya Mashariki, iliko Kapoeta, ni miongoni mwa yaliyoathirika zaidi na mabomu, na kwamba madini ya Sudan Kusini yako chini ya Sheria ya Madini ya 2012. Ruhusa ya wizara, ya wenye ardhi na ya wazee wa eneo itangulie mashine.

Kabla ya kufukia

Kazi ikiisha, msaidie atakayefuata. Bomba la plastiki ulilolaza halitasikika kwa ditekta yoyote, basi laza waya wa shaba uliovikwa plastiki sambamba nalo, kutoka mwanzo hadi mwisho, ncha zake zikitokeza kwenye visanduku vya juu. Gharama yake ni ndogo kuliko kukarabati bomba lililokatwa. Juu ya kebo, nusu ya kina, tandaza utepe wa rangi.

Kisha chora uani kwenye karatasi. Pima kutoka kona mbili za jengo la kudumu, si kutoka kwenye kontena wala mti, kwa kuwa kontena huhamishwa na mti hukatwa. Andika kina, aina ya bomba na tarehe. Mpe mwenye nyumba nakala, nyingine ibaki kwako, maana nyumba za Hai Cinema huuzwa na kupangishwa upya na fundi wa mwakani huenda asikujue. Na kila mahali uliposikia mlio ukaamua kutochimba, paweke kwenye mchoro kwa wino mwekundu, pamoja na sababu yako na jina la ofisi uliyoipa taarifa.